Kelele Haina Mahali

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Wengi wetu huitia methali hii katika insha bila ya kuifikiria, kwa kuwa tunajua mwalimu hupenda methali. Mimi niliifikiria sana wakati wa likizo ya Agosti mwaka wa 2025, na aliyenifikirisha hakuwa mwalimu wala kitabu. Ilikuwa ni mashine ya kutafuta chuma ardhini. Mashine hiyo ililia asubuhi nzima katika shamba la nyanya yangu, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua ilikuwa ikililia nini.

Mpenzi msomaji, acha nikueleze jambo hili kwa mpango, maana wako wenzetu ambao hawajawahi kuona bikoni.

Sehemu kubwa ya ardhi huku kwetu Nakuru ilikuwa mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru, wananchi walijiunga katika kampuni na vyama vya ushirika, wakayanunua baadhi ya mashamba hayo, kisha kila mwanachama akagawiwa kipande chake. Kule kwetu Lanet, wapima ardhi walipopima vipande hivyo walizika alama katika kila pembe. Alama yenyewe ni chuma kilichosimamishwa ndani ya zege, nayo watu huiita bikoni. Nyingine hutokeza juu ya udongo na nyingine huzikwa kabisa ili jembe lisiing'oe. Ramani huonyesha umbali wa kutoka bikoni moja hadi nyingine. Ua waweza kuhamishwa usiku wa manane na mkonge waweza kung'olewa, lakini bikoni iliyozikwa hukaa pale pale ikimngoja mwenye haki.

Babu yangu alikuwa mmoja wa wanachama hao. Alipoaga dunia mwaka wa 2009 alizikwa kwenye pembe ya juu ya shamba, chini ya mparachichi alioupanda kwa mkono wake. Jirani aliyepakana nasi wakati huo alihudhuria mazishi na hakuna neno lililosemwa. Baadaye, mwaka wa 2016, jirani huyo aliuza kipande chake na kuhama. Aliyenunua alionyeshwa safu ya mkonge, akaambiwa kwamba huo ndio mpaka. Mwaka wa 2025 akaamua kujenga ukuta wa mawe kuufuata ule mkonge. Aliponyoosha kamba, sote tuliona jambo lililotukata maini: kaburi la babu lilikuwa upande wake.

Jirani huyu si mtu mbaya. Alikuwa amelipia ardhi yake, naye aliamini alichoonyeshwa. Nyanya naye aliamini alichoambiwa na mumewe. Watu wawili wakweli walikuwa wakigombana. Hapo ndipo nilipojua kwamba ugomvi wa namna hiyo ni mgumu kuliko ugomvi wa mwizi na mwenye mali. Nyanya aliacha kula vizuri. Usiku nilimsikia akitembea chumbani. Siku moja aliniambia, "Mjukuu wangu, mimi shamba nitaliacha. Lakini nikienda kumpalilia babu yako, nibishe hodi kwa watu?" Sikuwa na la kumjibu.

Wapo waliomshauri nyanya aende kortini mara moja. Chifu alitueleza kwamba mambo hayaendi hivyo. Kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012, ugomvi wa mpaka huanzia kwa msajili wa ardhi, na mahakama haiwezi kuusikiliza kabla msajili hajauamua mpaka wenyewe. Basi tukaandika barua, tukapewa tarehe. Siku hiyo msajili alifika na faili yake, akiandamana na mpima ardhi pamoja na msaidizi wake. Chifu na wazee wa mtaa pia walikuwako, na watazamaji hawakuhesabika.

Bikoni ya barabarani ilipatikana bila shida. Kutoka hapo walipima kwa mkanda wakielekea pembe ya juu, kwenye kaburi. Lakini kati ya hapo na pale pana mteremko, ua wa michongoma na shimo la maji, na kila kizuizi humla mpimaji kidogo. Mkanda ulitufikisha karibu, haukutufikisha penyewe. Mpima alituonyesha eneo kama la ukubwa wa darasa letu, akasema, "Iko hapa ndani mahali fulani." Kaburi lenyewe lilikuwa katika eneo hilo hilo. Kwa hivyo kila hatua ilikuwa na maana.

Ndipo ile mashine ilipotolewa kwenye gari. Ina mpini mrefu, na mwishoni mna duara kama sahani. Msaidizi aliiwasha, akaishusha karibu na udongo. Ikalia! Akasogea hatua mbili. Ikalia tena! Akaenda kulia, akaenda kushoto, nayo ikalia kama mtoto aliyeachwa na mamake sokoni. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kuchomeka kijiti kila mahali ilipolia, na kabla ya nusu saa kupita nilikuwa nimechomeka vijiti kumi na vinne.

Sikwambii makelele ya watu! Wa upande wa jirani walisema, "Ni hapo! Chimba hapo kwa mparachichi!" Wa upande wetu wakajibu, "Wapi! Ni huku chini kwa mkonge, hamsikii?" Nilitazama nikaona ajabu. Kila mtu alisikia ile sauti ambayo ingempa ushindi. Kijana mmoja alikuwa tayari ameshika sururu. Nyanya alikuwa ameketi juu ya jiwe, mikono kifuani, akilitazama kaburi.

Mpima ardhi hakubishana na yeyote. Alimwambia msaidizi wake ainue mashine juu, sahani ielekee mbinguni, kisha asimame tuli. Mashine ikaendelea kulia. Mpima akauliza, "Je, wananchi, na huko juu mawinguni kuna bikoni?" Watu wakaangua kicheko, na yule kijana akaiweka sururu chini. Naam, hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Mashine inayolia ikiwa angani, mbali na ardhi, haililii chuma. Inalilia kitu kingine.

Kitu hicho ni umeme. Darasani tulisoma kwamba mwaka wa 1820 Oersted aligundua kuwa waya unaopitisha umeme huisukuma sindano ya dira. Mwaka wa 1831 Faraday naye akaonyesha kinyume chake, yaani uga wa sumaku unaobadilika huzaa umeme ndani ya waya. Mashine ya kutafuta chuma hutumia mambo haya mawili. Ndani ya ile sahani mna koili. Koili moja hupitishiwa mkondo unaogeuka maelfu ya mara kwa sekunde, nao huzaa uga unaobadilika. Uga huo ukikipata chuma, huzaa mikondo midogo inayozunguka ndani yake. Mikondo hiyo nayo huzaa uga wake mdogo. Koili ya pili husikia mnong'ono huo na mashine hulia. Tatizo ni kwamba koili ya pili haina macho. Uga wowote unaobadilika ukiifikia, hata kama umetoka kwa waya wa stima, huusikia vile vile.

Na pale kwetu stima si haba. Lanet kuna kituo kikubwa cha umeme, na nyaya kubwa zinapita juu ya mashamba. Sisi wa shule ya kutwa tunaopita chini yake alfajiri ya ukungu tunaujua mlio wake, kama nyuki waliofungiwa kwenye mtungi. Mkondo wa stima hapa Kenya hugeuka na kurudi mara 50 kwa sekunde. Idadi hiyo ni ndogo ukilinganisha na ya mashine, lakini uga wa nyaya hizo ni mkubwa, tena hufuatana na mitetemo mingine ya juu na vicheche vidogo vidogo kwenye vikombe vya nguzo. Mashine ilikuwa kama mtu anayejaribu kusikia mnong'ono katikati ya kituo cha matatu.

Hatukuwa wa kwanza kupata taabu hii. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alikuwa akitafuta njia ya kunyamazisha kelele ambazo nyaya za telegrafu zilitia katika nyaya za simu. Alipopanga koili mbili ili sauti zao ziuane, aliona kwamba chuma kikisogezwa karibu, ukimya ule unavunjika. Tarehe 2 Julai 1881, Rais Garfield wa Marekani alipigwa risasi jijini Washington, na madaktari hawakujua risasi ilikokwama mwilini. Bell aliunda mashine yake akaipeleka Ikulu. Alipoipitisha juu ya mgonjwa, alisikia sauti hafifu iliyoenea mahali papana, isiyo na kitovu. Baadaye akajulishwa kwamba chini ya godoro la rais palikuwa na godoro jingine la nyaya za chuma! Isitoshe, daktari mkuu alimruhusu atafute upande wa kulia tu, kwa kuwa alikwisha kuamini kwamba risasi iko huko. Rais alifariki tarehe 19 Septemba mwaka huo huo. Mwili ulipopasuliwa, risasi ilipatikana upande wa kushoto.

Kisa hicho hunitia huzuni kila nikikikumbuka. Mashine ilikuwa nzuri na mwenyewe alikuwa fundi wa mafundi. Vilivyomshinda ni kelele za godoro na ukaidi wa mtu aliyekwisha kuamua jibu kabla ya kutafuta.

Tuyaache ya Marekani turudi Lanet. Mpima wetu alianza na lililo jepesi. Aliomba simu zote zizimwe na watu warudi nyuma hatua ishirini, maana nusu ya watazamaji walikuwa wakipiga picha za video. Simu zilipozimwa na watu wakarudi nyuma, mashine ikatulia kidogo. Vijiti vitatu nikaving'oa, kwa sababu mahali pale hapakulia tena.

Kisha akatusihi tunyamaze, tusikilize. Katikati ya mikwaruzo palisikika mlio mmoja wenye mpango: ta... ta... ta... kama saa ya ukutani. Mpima akageuka akatazama boma la jirani, akasema, "Hiyo ni fensi ya stima." Jirani anafuga ng'ombe wa maziwa, na waya wake hupiga mpigo mmoja wa umeme karibu kila sekunde. Ilibidi uzimwe.

Jirani akakataa. "Mimi sizimi fensi," akasema. "Ng'ombe wakiingia kwa mahindi ya watu, nani atalipa? Ama mnataka nikubali kushindwa kwa shamba langu mwenyewe?"

Minong'ono ikaanza, na uso wa chifu ukabadilika. Ndipo nyanya alipoinuka kutoka kwenye jiwe lake. Alimwendea jirani polepole akasimama mbele yake.

"Mwanangu," akamwambia, "mimi sikuombi uzime ili nishinde. Nakuomba uzime ili tusikie. Chuma kikiwa kwako, nitakwambia asante, na tutaketi tuongee habari ya mzee wangu. Lakini wacha kwanza tusikie."

Jirani aliinamisha kichwa. Alikaa kimya kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko mtihani wa Hisabati. Mwishowe akasema, "Sawa, mama. Nusu saa." Akamtuma mwanawe akazime, na mkewe akaenda kusimama na ng'ombe. Ule mlio wa saa ukakatika. Nikaving'oa vijiti vingine vitano.

Zikabaki nyaya kubwa, nazo hakuna aliyeweza kuzizima. Hapa nilijifunza kwamba usipoweza kunyamazisha kelele, unabadilisha namna ya kusikiliza. Mpima aliondoa sahani kubwa akafunga ndogo, kwa kuwa koili ndogo huzoa kelele chache. Akabadilisha masafa ambayo mashine hutumia, moja baada ya jingine, hadi akapata lililosumbuliwa kidogo zaidi. Kisha akapunguza wepesi wa mashine wa kuhisi. Nikamwuliza, kwani kuuliza si ujinga, "Mzee, ukipunguza si itashindwa kuona cha chini?" Akanijibu, "Kweli kabisa, kijana. Ndiyo sababu wewe utashika jembe." Basi tukaparua udongo wa juu, kina cha shubiri moja, kote palipokuwa na vijiti, ili chuma kiwe karibu na sahani badala ya sahani kujitahidi kukifikia. Haraka haraka haina baraka.

Baada ya hapo alipita mara tatu juu ya kila kijiti: mara ya kwanza kutoka mashariki, mara ya pili kutoka kaskazini, na mara ya tatu polepole sana. Akanifundisha neno ambalo sitalisahau. Alisema, "Kelele haina mahali. Leo iko hapa, ukirudi iko pale. Chuma kina mahali pake. Ukikijia kutoka upande wowote, utakikuta."

Vijiti vilivyobaki vilikuwa sita. Viwili havikulia mara ya pili. Cha tatu tulichimba tukapata misumari na kipande cha mabati. Cha nne kilikuwa jembe bovu, ambalo nyanya alilitambua akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Cha tano kilikuwa waya wa ua wa zamani. Cha sita kililia kutoka mashariki, kikalia kutoka kaskazini, kikalia pale pale, sauti moja nzito isiyotetemeka. Tulichimba. Kwenye kina cha kama futi moja na nusu jembe likagonga kitu kigumu: ko! Lilikuwa zege, na katikati yake kichwa cha chuma chenye kutu.

Watu walipiga vigelegele, lakini mpima aliinua mkono. Hakuandika lolote mpaka alipopima tena hadi bikoni ya barabarani na ile ya shamba la nyuma, akalinganisha na ramani ya msajili. Vipimo vilipokubaliana ndipo alipotikisa kichwa kukubali. Kamba ikafungwa kutoka bikoni hadi bikoni.

Kaburi la babu lilikuwa upande wetu, mbali na kamba kwa kiasi cha mita moja na nusu. Nyanya aliketi chini pale pale kwenye udongo akafunika uso kwa leso. Lakini kamba haikuishia hapo. Kule chini, karibu na barabara, ilipita ndani ya majani yetu ya ng'ombe, na safu mbili za nepia alizopanda nyanya zilikuwa katika ardhi ya jirani. Ule mkonge ulikuwa umepinda. Juu ulitunyima, chini ulitupa. Sikusikia mtu wa upande wetu akilitaja jambo hilo kwa sauti. Aliyelitaja alikuwa nyanya mwenyewe. Kesho yake alidamka na panga, akazikata zile nepia, akampelekea jirani kwa mkokoteni. Jirani alijenga ukuta wake kufuata kamba, na karibu na mparachichi akaacha nafasi ili mizizi isikatwe.

Wanachama wenzangu, nimeandika haya kwa sababu naona sisi vijana tunaishi chini ya nyaya nyingi. Habari hutufikia kwenye simu usiku na mchana: mtihani umevuja, mwalimu fulani anahamishwa, fulani amesema hivi juu ya kabila la fulani. Kila moja hulia kwa sauti kubwa, na kila mtu husikia ile anayoipenda. Siku hizi najiuliza maswali ya mpima. Je, sauti hii italia hata ikiinuliwa angani, mahali pasipo na chochote? Nikiijia kutoka upande wa pili, kwa mtu asiyenipenda, nitaikuta pale pale? Ni nani ninayepaswa kumwomba anizimie fensi yake kwa nusu saa, nami niko tayari kumwomba kwa adabu?

Kuna jambo la Kiswahili pia. Mpima aliiita taabu ile kwa neno la Kiingereza. Nilipofungua shule nilimwuliza mwalimu, naye akanipa neno "mwingiliano", yaani mawimbi ya huku kuingilia ya kule. Ni neno zuri na nimeliandika daftarini. Nyanya naye, nilipomweleza, alisema kwamba kwao wakati wa utoto wake, mtu akipepeta mtama penye upepo mwingi husubiri upepo utulie, la sivyo makapi na mtama huenda pamoja. Nimelinganisha maneno hayo mawili mara nyingi. La mwalimu litanisaidia katika mtihani. La nyanya nalihifadhi kwa siku nyingine, maana najua mashine nyingine zitalia mbele yangu, na huenda siku hiyo asiwepo mpima wa kuinua sahani juu.